Chupa ya Mita Mia na Sitini

Torbjørg Skorvenes alikuwa na majivuno, na hakujisumbua kuyaficha. Wengine hujivunia wajukuu, wengine mashua; yeye alijivunia maji. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne, alitoka na mashua yake hadi katikati ya hori la Skorvevåg, mkono wa bahari ulioingia kati ya milima, akateremsha chupa zake kwa kamba, akapandisha maji ya mita tano, ya ishirini, ya themanini na ya mia na sitini. Alisoma joto, akaandika. Alijaza vichupa vya kupimiwa chumvi, oksijeni na virutubisho kama fosfati na naitreti, akavipanga sandukuni na kuviwahisha boti ya saa nane iendayo mjini. Kazi hiyo aliianza baba yake, Mons, mwaka 1978. Ukijumlisha ya baba na ya binti ilikuwa miaka arobaini na saba, na Jumanne zilizokosekana zilikuwa kumi na moja tu. Torbjørg angekutajia zote kumi na moja pamoja na sababu zake, ikiwemo ile ya mazishi ya Mons mwenyewe, ambayo hata hivyo aliifidia Jumatano.

Ndiyo maana barua ya taasisi ilimpiga kama kofi.

Barua ilikuwa na adabu nyingi, na watu wa mjini wakizidisha adabu ujue kuna jambo. Ilieleza kwamba mwaka uliopita taasisi ilizamisha mtambo mpya wa umeme wa kupimia maji chini kabisa ya hori, mahali hasa palipotajwa katika daftari la Mons. (Walikuja na meli Ijumaa moja, Torbjørg akiwa kwa daktari wa meno. Hakuna aliyemngoja.) Mtambo ulikuta mchanga wa chini kwenye mita mia na kumi na nane. Basi, iliuliza barua, maji ya mita mia na sitini yametoka wapi? Tena mtambo ulikuta oksijeni ya kutosha huko chini, ilhali vichupa vya Torbjørg vilidai hakuna hata chembe. Ilielekea kwamba kamba yake inapima vibaya, na pengine imepima vibaya tangu mwanzo. Alhamisi kamati ingekaa iamue kama miaka yote arobaini na saba iwekwe kando, hesabu ianze upya na mtambo.

"Iwekwe kando," Torbjørg alisoma kwa sauti, peke yake jikoni. "Kama soksi iliyotoboka."

Jumatatu alikuja Maiken Rødseth, yule aliyetia sahihi barua. Alikuwa mtaalamu wa maji wa taasisi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na tumpe haki yake: hakutumwa, alikuja mwenyewe.

"Sikupenda uisome barua tu halafu basi," alisema mlangoni.

"Nimeshaisoma. Mara nne. Viatu vua, kahawa ipo."

Walikunywa kahawa, wakala mkate na jibini ya kahawia, na hakuna aliyetaja barua mpaka vikombe vilipokwisha. Kisha Torbjørg akasimama. "Tuanze na kamba. Kama inadanganya, nataka kuiona ikidanganya."

Waliitandaza gatini. Torbjørg aliilowesha kwanza na kuifunga uzito uleule wa chupa, maana kamba kavu si kamba iliyomo baharini, na aliyeipima kavu asije akajisifu. Kila baada ya mita kumi palikuwa na ukanda wa ngozi ulioshonwa kwa uzi. Kamba yenyewe ilikuwa ya tatu tangu Mons, lakini kila mpya ilipimwa juu ya ile ya zamani kabla ya ile ya zamani kustaafu. Maiken alipiga magoti na futi yake ya chuma, akasogea, akaandika, akasogea.

Anfinn Hjelle, jirani, mvuvi wa miaka sabini na mbili ambaye hakuna jambo gatini lililompita, alikuwa amekaa juu ya kreti la samaki.

"Profesa, leo unaanika nguo?" alimtania Torbjørg.

"Shika ncha hii, Anfinn. Na usiongee."

"Nishike, halafu kesho niambiwe nimeivuta?"

"Shika tu, bwana we!"

Alishika. Maiken alifika kwenye ukanda wa mwisho, akajumlisha, akajumlisha tena. "Mita mia na hamsini na tisa, na sentimita themanini."

Torbjørg aliona haya, uso ukamwaka moto. "Ishirini zimepungua."

"Torbjørg, mtambo wetu wenyewe unakosea kwa nusu mita."

"Huo ni mtambo wenu. Hii ni kamba yangu. Nitairekebisha."

Anfinn alicheka hadi akakohoa. Lakini Maiken hakucheka. Alibaki amepiga magoti pale pale, akiitazama kamba ambayo barua yake mwenyewe ilikuwa imeiita mwongo. "Basi sielewi," alisema. "Kamba ni nzima. Kilichoharibika ni nini?"

Kesho yake ilikuwa Jumanne, wakatoka wote wawili.

Hapa ni lazima niseme jambo moja kuhusu Skorvevåg. Huko mahali pa kuvulia hapaandikwi. Kila ukoo una alama zake za nchi kavu: kitu fulani kikikaa juu ya kitu fulani upande huu, na kingine juu ya kingine upande ule, hapo unazima injini. Alama hizo mzazi humfundisha mtoto ndani ya mashua, kamwe si nyumbani, na akiwemo mgeni huombwa atazame miguu yake. Wapo waliooana miaka hamsini bila mmoja kujua alama za mwenzake. Wapo waliokufa nazo, na watoto wao wanazitafuta hadi leo kwa kubahatisha.

"Tazama chini," Torbjørg alisema walipokaribia katikati.

"Samahani?"

"Chini. Itazame ndoo."

Maiken aliitazama ndoo. Torbjørg alisimama, akaangalia kulia, akaangalia nyuma, akairudisha mashua kidogo, akaiacha ielee, kisha akazima injini. Tangu akiwa na miaka kumi na minne alikuwa akisimama hapo, na mwili wake ulipajua hata kwenye ukungu.

Chupa zilishuka. Mita mia na sitini zilipotimia, kamba bado ilikuwa imenyooka na nzito, haijagusa chini. Torbjørg alimwachia mjumbe, kile kipande kidogo cha shaba kinachoteleza kwenye kamba na kwenda kuifunga chupa. Aliweka kidole kwenye kamba na kungoja. Maiken alimwona akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani.

"Amefika," alisema.

Chupa ya chini kabisa ilipopanda na kufunguliwa, harufu ya mayai yaliyooza ilijaa mashua. Torbjørg hakukunja hata pua. Alijaza kichupa kimoja maji ya mita themanini na kingine maji ya mita mia na sitini, akatia dawa mbili tone kwa tone, akaviziba na kuvigeuza juu chini. Maji yenye oksijeni hutoa wingu la kahawia; yasiyo nayo hutoa wingu jeupe. Kichupa cha themanini kilichafuka kahawia. Kile cha mia na sitini kikawa cheupe kama maziwa.

"Cheupe," alisema Maiken.

"Cheupe. Kama nilivyoandika. Kama alivyoandika baba yangu." Alikishika juu kwenye mwanga wa asubuhi, na kama angekuwa mtu wa kulia angelia kwa fahari. "Haya, iambie kamati ije inuse."

Lakini Maiken alikuwa ameshatoa simu yake na kuangalia walipo. Aliitazama, akatazama mdomo wa hori, akaitazama tena simu.

"Torbjørg, usinikasirikie. Mtambo hauko hapa. Uko mita mia nne kutoka hapa, kule karibu na kizingiti."

Kizingiti ni ule mwamba ulioinuka chini ya maji kwenye mdomo wa hori, na kila mtu wa Skorvevåg anajua kilipo, maana juu yake mkondo huwa mkali.

"Basi mmekosea kuuweka."

"Tumeuweka kwa nambari za daftari la baba yako. Nimezihakiki mara tatu."

Torbjørg aliwasha injini, na njia nzima ya kurudi alitazama mbele tu.

Daftari la kwanza lilikuwa ndani ya kabati la jikoni, chini ya vitambaa vya meza. Ukurasa wa kwanza, kwenye safu ya mahali, kulikuwa na mwandiko wa Mons, wima na safi: digrii kadhaa, dakika kadhaa. Ukurasa wa pili aliandika "kama awali." Wa tatu, "kama awali." Madaftari yote yaliyofuata, "kama awali," na kwa mkono wa Torbjørg mwenyewe si chini ya mara mia saba. Hakuwahi kuzisoma zile nambari. Za nini? Alikuwa na alama.

Maiken aliziweka nambari kwenye ramani ya simu, akamgeuzia. Karibu na kizingiti. Mita mia na kumi na nane.

Ndipo Torbjørg akakumbuka, na angependa asingekumbuka. Mabwana wawili wa taasisi kwenye meza hii hii, wanakula keki bapa zilizookwa kwenye chuma cha moto, kwa jamu. Wanauliza mahali. Baba anafungua ramani ya bahari, anatembeza kidole, anaandika bila haraka. Mabwana wanaondoka, na mama anasema, "Mons! Pale?" Na baba anatabasamu. "Wametaka maji, maji watapata. Mahali ni petu."

Maana pale pa kweli, kwenye ukuta wa lile shimo la katikati ya hori, kwa kina cha mita themanini, palikuwa na lange, wale samaki warefu wa vilindini, wanene kama paja la mtu. Lange wale ndio waliowalisha majira ya baridi ambayo sill, wale samaki wadogo wa makundi, hawakuja.

"Mzee mpuuzi!" alisema Torbjørg, na sauti yake ilipanda. "Mzee mpuuzi wee! Alinigombeza wiki nzima kwa kuandika joto sita nukta nane badala ya sita nukta nane nne. Wiki nzima! Na yeye ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, anaandika uongo!"

Aliinuka, akafuta meza iliyokuwa safi. Hasira ilikuwa kubwa na aibu ilikuwa kubwa zaidi. Maisha yake yote aliwaambia watu kwamba Mons Skorvenes hakuwahi kuandika asichokiona.

Maiken alisema polepole, "Tatizo ni hili. Kamati itauliza: kama alidanganya hapa, alidanganya wapi tena?"

Torbjørg alisimama na kitambaa mkononi. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hii ilikuwa imechukua miaka arobaini na saba. Kisha akakiweka kitambaa mezani.

"Fosfati. Machi ya 1979, mita mia na sitini. Nani aliipima?"

"Sisi. Maabara ya mjini."

"Baba aliijua kabla?"

"Angeijuaje? Yeye alijaza kichupa tu."

"Isome."

Maiken alifungua kompyuta yake, akatafuta. "Sita nukta moja."

"Na meli yenu ilipochukua maji kwenye mtambo wenu?"

"Moja nukta tatu." Maiken aliacha kuandika. Uso wake ulianza kubadilika. "Moja nukta tatu," alirudia.

"Sasa soma 1987."

"Imeshuka. Mbili nukta mbili. Na naitreti imerudi."

"Baridi kali, upepo wa kaskazini wiki tatu, maji mazito ya nje yakaruka kizingiti na kulisafisha shimo. Soma 1996. Soma 2010." Torbjørg alizijua tarehe hizo kama wengine wanavyojua siku za kuzaliwa za watoto wao. "Katikati ya hapo maji ya shimoni hayatoki. Kila kinachokufa juu kinashuka huko, kinaoza, kinamaliza oksijeni, kinamaliza naitreti, na fosfati na silika zinarundikana mwaka baada ya mwaka. Tafuta hori zima, Maiken. Fosfati sita utaipata shimo lile tu. Nyie wenyewe mmeipima, mara elfu moja na mia mbili, bila kumuuliza baba yangu chochote."

"Siri ya mtungi aijuaye kata," alisema Maiken, na sasa alikuwa anacheka. "Alidanganya kwa kalamu. Chupa haikudanganya."

"Hakuwahi kudanganya maji," Torbjørg alisema. Akaketi. Baba yake alikuwa amemrudia, kapungua sentimita ishirini, lakini amerudi.

Maiken aliandika kwa kasi kwa muda, kisha vidole vyake vikasita. "Kuna moja limebaki. Nambari za simu ni za leo. Zinaonyesha uliposimama leo. Kamati itataka kujua kwa nini tuamini kwamba mwaka 1978, na miaka yote hii, mashua ilisimama palepale. Nadhani unajua kwa nini. Ila lazima iandikwe."

"Alama."

"Alama. Vitu ambavyo havijahama."

"Na ripoti husomwa na nani?"

"Na yeyote. Ni ya wazi, inawekwa mpaka maktaba ya hapa."

"Hata na Anfinn?"

"Hata na Anfinn."

Torbjørg alitazama nje. Kutoka dirishani hori lilionekana lote, tulivu, la kijivu. Mons alimpa vitu viwili ndani ya mashua moja: alama na daftari. Hakumwambia kwamba siku moja angeweza kubaki na kimoja tu. Angenyamaza, samaki wangebaki wa ukoo wa Skorvenes na maji yangetupwa kando kama soksi. Angesema, mahali pangekuwa pa kila mwenye mshipi. Alijua baba yake angechagua nini. Lilikuwa limeandikwa pale ukurasa wa kwanza. Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alijua, bila hofu, kwamba yeye ni mpimaji bora kuliko Mons.

Alichukua kalamu, akafungua daftari jipya, na kwenye safu ya mahali, pale alipozoea kuandika maneno mawili, akaandika hivi:

*Mnara wa kanisa juu ya ncha ya paa la ghala la mawe la Hjelle. Ufa wa mlima Skorva juu ya mti wa kisiwani. Mti ukianguka, juu ya jiwe jeupe chini yake. Mahali palipotajwa mwaka 1978 si pa kweli. Baba yangu aliandika hivyo kulinda samaki. Maji yote ni ya kweli. Torbjørg Skorvenes, binti wa Mons.*

Alilisoma mara moja, akaweka nukta aliyoisahau, akamsogezea Maiken.

Alhamisi saa tisa simu ililia. Maiken alikuwa anaongea kwa haraka, mlango ukifungwa nyuma yake. Kamati haikuweka kando mwaka hata mmoja. Na zaidi ya hapo, mwenyekiti aliuliza kama mtambo ung'olewe kule kizingitini ukazamishwe shimoni, ili ujifunze kulinganisha vipimo vyake na vya chupa.

"Vyake na vya nani?" Torbjørg aliuliza, ingawa alisikia vizuri.

"Na vyako. Meli itakuja Mei. Wanaomba uwe mbele na mashua yako, uwaonyeshe pa kusimama."

"Wasije Ijumaa," alisema Torbjørg. "Ijumaa huwa nina daktari wa meno." Aliweka simu chini na kucheka peke yake jikoni kwa sauti kubwa, mpaka paka akatoka.

Mashua yake ilitangulia, Mei ilipofika, na ile meli ya chuma ya watu kumi na wawili ikafuata nyuma polepole kama ng'ombe anayerudishwa zizini. Kijiji kizima kilikuwa gatini. Alisimama, akaangalia kulia, akaangalia nyuma, akainua mkono: hapa. Hakumwambia mtu yeyote atazame chini.

Jumanne iliyofuata Anfinn alimsubiri gatini na ripoti mkononi, aliyoitoa maktaba, imekunjwa kwenye ukurasa wenyewe.

"Ghala langu!" alifoka. "Ghala la babu yangu mwenyewe! Miaka arobaini nakutazama kwa darubini, nikadhani ni bomba la moshi la shule!"

"Ndiyo maana hupati kitu ila kaa."

"Nilikaa ndani ya alama yenyewe, Torbjørg. Nimelipaka rangi lile paa!"

"Na ulilipaka vizuri. Linaonekana hata kwenye mvua."

Anfinn akakunja karatasi. "Sasa nitakwenda kuvua pale. Nakwambia kabisa."

"Nenda."

"Hunikatazi?"

"Imeandikwa, Anfinn. Ila Jumanne usitie nanga. Utatibua tope, na fosfati ikinijia ya ajabu nitajua ni nani."

Mzee alimtazama akipanga chupa zake, moja baada ya nyingine, na akavua kofia yake, jambo ambalo hakulifanya hata kanisani bila kukumbushwa. "Mons angekumaliza, unajua," alisema.

"Angeanza na zile sentimita ishirini," Torbjørg alijibu, akajitwika kamba begani na kushuka mashuani. Alikuwa ameshazirekebisha.